Fundi Mwenye Karatasi Hasikilizwi

Jamani, kuna watu presha yao inapandishwa na mikopo ya kausha damu, wengine na Simba na Yanga. Mimi yangu inapandishwa na habari za sayansi na teknolojia. Habari zenyewe nazipenda sana tu. Kinachoniua ni namna zinavyojadiliwa kwenye kijiwe cha kahawa kilichopakana na kibanda changu.

Mimi ni fundi simu. Nabadili vioo, naflash, natengeneza sistimu chaji, na redio ikiletwa siikatai. Ungetegemea ikija mada ya umeme, setilaiti au intaneti, watu wageuze shingo upande wangu waseme, "Haya fundi, tufafanulie." Thubutu! Anayesikilizwa pale ni bodaboda mmoja tunayemwita Injinia, ambaye uhandisi wake wote uliishia kwenye kusafisha kabureta. Ana kipaji kimoja: akifungua mdomo, watu wanacheka hadi kahawa inamwagikia kanzu. Na kijiweni kwetu hoja haipimwi kwa ukweli wake, inapimwa kwa kahawa iliyomwagika.

Chukua ile pete ya chuma iliyoanguka Kenya. Tarehe 30 Desemba 2024, kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, watu wako kwenye shughuli zao za mwisho wa mwaka, mara juu kunashuka pete ya kilo 500 hivi, kipenyo chake kama mita 2.5. Shirika la Anga la Kenya likaja, likatazama, likasema kwa uchunguzi wa awali ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, na kwamba vitu vya namna hiyo kwa kawaida hutengenezwa viungue vikirudi kwenye angahewa au viangukie sehemu zisizo na watu, baharini kwa mfano. Habari safi, ya kuelimisha. Nikavuta kigoda. Sijafika hata kwenye neno angahewa, Injinia kauliza swali moja: "Chuma chakavu siku hizi kilo shilingi ngapi?"

Basi. Muuza kahawa akataja bei. Fundi mageti akasema hiyo ni bei ya bati, chuma kilichotoka juu lazima kiwe na bei yake. Mwingine akataka kwanza tuelewane gharama za usafiri toka Makueni hadi Dar. Wakapiga hesabu, wakagawana, kisha wakagombana juu ya mgawo wa pete iliyopo nchi nyingine, mikononi mwa serikali nyingine! Mzee mmoja akadai aongezwe kwa sababu mdogo wake kaoa Ukambani.

Nikaona niwarudishe kwenye mstari. Nikasema, wazee wangu, kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972. Nchi iliyorusha chombo angani inawajibika kulipa kikidondoka na kuleta madhara ardhini, hata kama hakukuwa na uzembe. Na si maneno ya kwenye vitabu tu: mwaka 1978 setilaiti ya Wasovieti, Kosmos 954, iliyobeba mtambo wa nyuklia, ilisambaratikia kaskazini mwa Kanada, na baadaye Wasovieti wakakubali kulipa dola za Kanada milioni 3. Nikanyamaza nipokee heshima yangu. Injinia akanywa funda moja taratibu, akaweka kikombe chini.

"Sawa kaka fundi. Sasa hiyo ni bima kubwa au bima ndogo?"

Kijiwe kililipuka. Mzee wa Ukambani alicheka hadi akapaliwa, ikabidi tumpige mgongo. Na ukilitazama vizuri, swali lenyewe lina akili, maana anayelipwa hapo ni mtu wa tatu, kwa hiyo ni bima ndogo. Nikajibu hivyo, "ndogo," kwa sauti ya kitaalamu kabisa. Wakacheka tena! Nimetaja mkataba, mwaka, nchi na kiasi, na nimeondoka pale nikiwa mchekeshaji msaidizi.

Lakini hilo ni dogo. Lililonitia kidonda ni la mikongo ya baharini, zile nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari.

Mtakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Wengine mlikasirika mkalala. Mimi nilikuwa na mama mmoja mbele ya kibanda, mkono kiunoni, simu niliyombadilishia kioo siku moja kabla kaishika kwa vidole viwili ili asiichafulie ushahidi.

"Fundi, hii simu ilikuwa inafungua kila kitu. Umeigusa wewe, leo duara linazunguka tu."

"Mama, si simu. Intaneti nchi nzima ina shida. Mikongo imekatika baharini."

Akanitazama toka juu hadi chini, akaitazama bisibisi yangu.

"Kwa hiyo umegusa na ya baharini?"

Wakamsikia wale wa kijiweni. Mpaka leo mtu bando lake likigoma, anapiga kelele toka kwenye benchi: "Fundi, toa mkono baharini!"

Ikawa ndiyo mada. Nani kakata? Injinia, bila kusoma popote, akatoa hukumu: papa. Papa kaona waya, kadhani samaki mkunga, kang'ata. Muuza samaki, ambaye kila alfajiri yuko Feri, akachukia kwa niaba ya papa. Akasema yeye amepasua papa wengi na hajawahi kukuta hata chaja tumboni. Injinia akamjibu kwamba hao ni wa Feri, hawana maendeleo; papa wa Afrika Kusini wamesoma. Nusu saa nzima wanajadili silka za papa kwa mkoa.

Usiku ule nilisoma mpaka macho yakawasha, na asubuhi nikaenda steshenari nikaprinti kurasa mbili kwa hela yangu, nyeusi na nyeupe, kwa sababu ya rangi ni bei. Nikawasomea. Kwamba karibu mawasiliano yote ya intaneti kati ya mabara hupita chini ya bahari, setilaiti zinabeba sehemu ndogo tu. Kwamba kule kwenye kina kirefu mkongo una unene wa mpira wa kumwagilia bustani, na ndani yake ni nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Kwamba kila mwaka duniani hutokea hitilafu kama 150 hadi 200, na nyingi zinasababishwa na nanga za meli na nyavu za uvuvi. Nikawapa na mfano wa Februari ya mwaka huohuo: meli Rubymar ilipigwa na kombora la Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, ikaachwa ikielea huku nanga ikiburuta, na mikongo mitatu ya Bahari ya Shamu ikakatika, Wamarekani wakasema inaelekea nanga hiyo ndiyo iliyokata.

Kimya. Muuza samaki anatabasamu, heshima ya papa imerudi. Injinia kainamisha kichwa. Nikasema moyoni, leo ni leo.

Hapo ndipo mwalimu mstaafu, shikamoo yake naitoa hata nikiwa na hasira, akavaa miwani, akasogeza simu mbali na uso, akasoma pole pole kwamba miaka ya 1980 meno ya papa yalikutwa yamenasa kwenye mkongo wa majaribio karibu na Visiwa vya Canary.

Sitaki hata kueleza. Injinia alibebwa. Mtu mzima, na helmeti yake, anabebwa mabegani kwa sababu ya jino la papa la miaka ya 1980! Nikapiga kelele kwamba hilo halihusiani na Afrika Kusini ya mwaka 2024, kwamba samaki ni sehemu ndogo sana ya hizo hitilafu, nikapepea karatasi zangu. Muuza kahawa akaniomba moja, nikadhani anataka kusoma. Akafungia kashata za mteja.

Inaniuma kwa sababu utamu wenyewe wa habari ile hawakuupata. Unajua wanapataje mahali mkongo ulipokatika, na bahari yote ile? Wanatuma mwanga ndani ya uzi wa kioo. Ukifika palipokatika, kiasi fulani kinarudi. Wanapima muda uliotumika kwenda na kurudi, wanajua ni kilomita ngapi toka pwani. Meli maalumu inakwenda, inashusha ndoano yenye makucha, inavua ncha moja, kisha ya pili, mafundi wanakaa humohumo melini wanaunga nyuzi moja moja. Mimi nikiunga waya wa spika mkono unatetemeka, wenzangu wanaunga kioo juu ya mawimbi! Nilimweleza mke wangu usiku kwa hisia kali. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama chombo hicho cha kutuma mwanga kinaweza kuonyesha hela ya kodi ilikatikia wapi.

Tumbili wa Gitaru hata sikujaribu. Juni 2016, tumbili kapanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kule Kenya, kadondokea transfoma, transfoma ikajizima, mashine nyingine zikalemewa nazo zikajizima, megawati zaidi ya 180 zikapotea na nchi nzima ikaingia giza. Tumbili mwenyewe akatoka mzima, akakabidhiwa kwa watu wa wanyamapori. Pale kuna somo zima la gridi, namna hitilafu moja inavyoangusha nyingine. Wenzangu walijadili iwapo tumbili alipewa chai kabla ya kuhojiwa.

Afadhali kidogo siku ya chombo cha Mars. Mwaka 1999 Wamarekani walipoteza Mars Climate Orbiter, chombo cha dola milioni 125, kwa sababu programu ya waliokitengeneza ilitoa hesabu za msukumo kwa paundi, na NASA wakazisoma wakidhani ni nyutoni, kipimo kingine kabisa cha nguvu. Fundi cherehani aliposikia alisimama kabisa. Miaka yote anagombana na wateja wanaomletea vipimo vya inchi huku yeye kashika upande wa sentimita. Akaomba nirudie, nikarudia. Akasema kumbe na NASA wanashona suruali fupi. Walicheka, ndiyo, lakini siku ile angalau kipimo kilieleweka.

Sasa juzi wamenifikisha ukingoni, maana walinikuta kwenye mada yangu kabisa: ukiacha simu kwenye chaji usiku kucha, betri inakufa? Hiki ndicho chakula cha watoto wangu. Injinia anasema umeme ukishajaza betri unaendelea kuingia, hauna pa kukaa, unafurika, ndiyo maana simu inachemka, na uniti za luku zinamwagika chini ya kitanda. Mimi nikasema simu za kisasa zina saketi inayosimamisha chaji betri ikijaa, hakuna kinachofurika. Ila betri ya lithiamu haipendi joto, na haipendi kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni, kwa hiyo ukiiacha chini ya mto usiku kucha inazeeka mapema. Usiifunike, na ukiweza ichomoe kwenye asilimia 80.

Wakagawanyika nusu kwa nusu. Mwalimu mstaafu akapendekeza tuulize akili mnemba, isiyo na ndugu wala deni la kahawa. Injinia akatoa simu, ambayo kioo chake nilikibadilisha kwa mkopo na mkopo haujarudi, akauliza kwa sauti, kwa Kiswahili, na akatutaja kwa vyeo: Injinia anasema hivi, fundi anasema vile, nani mkweli?

Tukainamia. Jibu likaja, refu, la adabu, likatusifu wote kwa swali zuri. Likasema hoja zote mbili zina ukweli kwa kiasi fulani. Kiasi gani! Umeme unaofurika una ukweli kiasi gani? Kisha likamalizia kwamba kwa ushauri zaidi ni vyema kumwona fundi aliye karibu nanyi.

Nikajiweka sawa. Nikakunja na mikono ya shati. Benchi zima likageuka kunitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona shingo zile nilizozisubiri.

"Fundi aliye karibu nasi," Injinia akasoma tena, taratibu, "si ndiye huyuhuyu tunayembishia?"

Mwalimu akatafakari, akasema labda imekusudia yule wa mtaa wa pili. Wakakubaliana bila kura.

Mada inayofuata ni pikipiki za umeme. Injinia ameshatoa msimamo: hazitafika mbali kwa sababu hazina mlio, na abiria wa Dar hapandi kitu ambacho hakukisikia kikija. Nimeshasoma kuhusu vituo vya kubadilishana betri, nguvu ya mota toka inapoanza kuzunguka, gharama ya chaji ukilinganisha na petroli, vyote ninavyo. Wamenitumia ujumbe kupitia kwa muuza kahawa kwamba ninakaribishwa, ila karatasi nizilete zikiwa hazijaandikwa, kashata ni nyingi.