Salam na butura: ukame uko juu ya nani?

Kagera wanaiita butura. Kahawa ingali maua, mwenye shamba anapokea fedha za ada ya shule au za matibabu, na kuanzia hapo matunda ya miti ile si yake tena. Kusini, kwenye korosho, kuna kangomba: tajiri anatanguliza fedha wakati wa kupalilia na kupulizia dawa, msimu ukifika anazoa korosho kwa chombo kisicho na mhuri wa wakala wa vipimo. Pemba nako mikarafuu hukodishwa kwa msimu, na kitakachotoka ni cha aliyekodi. Butura na kangomba zimepigwa marufuku miaka nenda rudi na bado zipo, kwa sababu anayehitaji fedha miezi mitano kabla ya mavuno hana pengine pa kuzipata.

Kila zinapokemewa, linakuja jibu kutoka misikitini na kwenye semina za benki za Kiislamu: kuuza kabla ya mavuno si kosa, kosa ni namna ya kuuza, na Uislamu una mkataba wake wa kazi hiyo, yaani salam: fedha zote hulipwa leo, mazao hukabidhiwa baadaye. Jibu hilo lina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyodhani. Lina pia shimo ambalo watetezi wake hulivuka mbiombio.

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja, miwili, hata mitatu kabla. Hakuwazuia. Kwa hadithi ya Ibn Abbas, aliwaagiza kwamba anayetanguliza malipo atangulize kwa kipimo kinachojulikana na uzito unaojulikana, mpaka muda unaojulikana. Lakini ni yeye pia aliyekataza kuuza matunda mtini kabla uzima wake haujadhihiri. Mtu akisoma haraka ataona mgongano, na haupo. Kwenye salam hakiuzwi kilicho juu ya mti fulani. Zinauzwa kilo kadhaa za sifa fulani, zikiwa deni kwenye dhima ya muuzaji, naye azitoe popote atakapozipata. Kwa kigezo hicho butura imeanguka mara mbili: mti ni ule ule maalumu, na kiasi hakijulikani. Kukodi mikarafuu kuna utata huo huo, maana wanazuoni wengi wanaona kukodi mti kwa ajili ya tunda lake ni kuuza tunda, hata ukiuita ukodishaji. Kangomba inaanguka kwenye kipimo kabla hata hujafika kwingine.

Tuchukue mpunga, ambao hauna mnunuzi mmoja wa lazima. Mkulima ana ekari mbili, anatarajia kilo 3,000, na Januari anahitaji shilingi 600,000 za trekta, mbegu na mbolea. Mfanyabiashara anamlipa 600,000 kwa kilo 1,000 za kupokelewa tarehe 15 Juni, yaani shilingi 600 kwa kilo, huku wote wawili wakikisia kwamba Juni bei itakuwa 750. Mkataba unataja aina ya mbegu, tuseme SARO 5, unyevu usiozidi asilimia 14, kupepetwa, mahali pa kukabidhiana, nani analipia usafiri, na kwamba utapimwa kwa kilo kwenye mizani. Ukiandika "magunia kumi" umeshakaribisha lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi.

Unyevu nao si urembo. Mpunga uliotoka shambani na asilimia 20 za maji ukikaushwa hadi 14, kilo 1,000 zinabaki 930. Kilo 70 zimeruka na jua, na kwa bei ya 750 hizo ni shilingi 52,500. Kama karatasi haisemi, kila upande utaapa kwamba mwenzake ni mwizi.

Sasa wapinzani. Wao husema tofauti ya 600 na 750 ni riba iliyovishwa kanzu: umempa mtu laki sita, miezi mitano baadaye unachukua mali ya laki saba na nusu, na hiyo ni asilimia 25. Mkopeshaji wa mtaani anayetoza asilimia 3.5 kwa mwezi angedai 705,000 tu. Hesabu yao ni sahihi kwa bei ya 750, ambako deni la mkopo lingelipika kwa kilo 940. Bei ikishuka hadi 550, mwenye mkopo atauza kilo 1,282 kulipa zile zile 705,000, wakati mwenye salam anatoa kilo 1,000 na kulala, na mfanyabiashara ameingia hasara ya 50,000. Bei ikipanda hadi 1,000, mkopo unalipika kwa kilo 705 na salam bado ni 1,000. Mpaka uko kwenye shilingi 705: chini yake salam inampa mkulima nafuu, juu yake mkopo ni rahisi zaidi. Hapo ndipo hoja ya riba inapopungua nguvu, maana anayekopesha kwa riba hapotezi bei ikianguka, na huyu anapoteza.

Ila anapoteza pale tu anapopokea mpunga wenyewe. Mikataba mingi inayoitwa salam hufisidika kwenye sentensi moja ndogo mwishoni: "au alipe thamani yake kwa fedha." Ikishaandikwa hivyo mpunga umegeuka pazia, fedha inarudi kwa fedha zaidi, na madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, hayaruhusu kabisa kubadilisha bidhaa ya salam kwa kitu kingine kabla haijapokelewa. Kasoro nyingine ni duka la pembejeo. Mkulima anadaiwa 300,000 za mbolea ya msimu uliopita, mwenye duka anasema "basi nilipe kwa mpunga, kilo 500 mwezi wa sita." Hiyo si salam. Thamani ya salam hulipwa pale pale mnapofunga mkataba (Maliki wanavumilia hadi siku tatu), na deni la zamani si malipo. Angempa mifuko ya mbolea leo, kwa idadi na aina inayojulikana, kwa kilo kadhaa za mpunga baadaye, hapo pangekuwa sawa. Akimpa gunia la mahindi wakati wa njaa ili alipwe magunia mawili wakati wa mavuno, jambo ambalo vijijini watu hulifanya bila kupepesa macho, hiyo ni riba ya wazi na haihitaji mufti.

Sharti la kulipa zote kwa mkupuo linawabana wafanyabiashara, ambao wangependa kutoa laki mbili za trekta, kisha laki mbili za palizi. Kuna njia: fungeni salam mbili, kila moja na kiasi chake na bei yake, siku ile fedha inapotoka.

Turudi kwenye shimo. Kwenye mihadhara husemwa kwamba salam inagawana hatari na mkulima. Kuhusu bei, ndiyo. Kuhusu ukame, hapana, na hilo linatokana na sifa ile ile inayoihalalisha. Kwa kuwa kilichouzwa si mpunga wa shamba lake, shamba likikauka deni halijakauka. Mkulima wetu akivuna kilo 400, na kwa sababu ya ukame huo bei ikaruka hadi 1,200, anatoa zote 400 kisha anaingia sokoni kununua 600 kwa shilingi 720,000. Mwenzake wa mkopo anauza kilo zake 400 kwa 480,000 na kubaki na deni la 225,000. Na yule wa butura, tuliyemhukumu vikali hapo juu? Kama aliuza shamba zima, mnunuzi anachukua kilo 400 na kwenda zake, hasara ni yake. Butura ni mkataba mbovu wenye bei ya kunyonya, lakini mwaka wa ukame huwa haimfuati mtu mpaka nyumbani. Mwalimu wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, asiyetaja jambo hili mbele ya wakulima anawaficha kitu.

Fiqhi ina milango ya kutokea, na ni vizuri kujua upana wake. Bidhaa ikikosekana sokoni kabisa muda ulipofika, mnunuzi ana hiari ya kungoja au kuvunja mkataba na kurudishiwa 600,000 zake, bila senti juu. Lakini mpunga ghali si mpunga uliokosekana. Pande mbili zinaweza pia kukubaliana kuvunja mkataba kwa mtaji ule ule, na Qur'ani inaamuru mdaiwa aliyebanwa apewe muda. Hairuhusiwi kumtoza faini ya kuchelewa, kwa sababu mpunga huo ni deni na nyongeza juu ya deni ni riba. Zote hizi zinategemea moyo wa mwenye fedha au hukumu ya hakimu. Wengine wameshauri kuandika kwamba ukame ukipiga mkataba unakufa. Tatizo ni kwamba sharti la namna hiyo linaurudisha mkataba kwenye shamba maalumu, na tumeshaona kwa nini huko hakupitiki.

Sudan wamepitia njia hii kabla yetu. Wao walikuwa na shail, ndugu wa damu wa butura: wafanyabiashara wa vijijini wakinunua mazao kwa bei ya kutupa kabla ya mavuno. Benki zikahamia Uislamu, na katika miaka ya 1990 salam ikawa chombo kikubwa cha kukopesha kilimo. Mfumuko wa bei ulipopaa, wakulima walijikuta wanakabidhi mazao kwa sehemu ndogo ya bei ya soko, na kilio hicho kikazaa kipengele cha kuondoa ghubni, yaani kupunjwa kwenye bei: bei ya siku ya kukabidhi ikipishana na ya mkataba kwa zaidi ya theluthi, pande mbili zinarekebisha. Kwa mfano wetu marekebisho yangeanza bei ikivuka 800, au ikishuka chini ya 400. Wapo wanazuoni wasioridhika nacho, wakisema bei isiyotulia ndiyo gharari yenyewe, yaani utata unaokatazwa kwenye mauziano. Nadhani wana hoja, ila kati ya gharari hiyo na mkulima anayeuza ng'ombe kununua mpunga wa kumpa tajiri, ningechagua kipengele.

Kinga iliyo mikononi mwa mkulima ni ya kiasi, nayo haina ubishi wa kifiqhi: asiuze kwa salam zaidi ya alichovuna mwaka wake mbaya kuliko yote anayoikumbuka. Kama mwaka huo ulikuwa kilo 400, auze 400, apate 240,000. Hazitoshi, na ndiyo maana salam peke yake haiwezi kubeba msimu mzima. Trekta na palizi zitafutiwe mshirika wa mavuno, anayepata fungu la kitakachotoka, kiwe tani tatu au debe moja. Huyo ndiye anayeshiriki ukame kwelikweli, kama watu wa Khaibar walivyolima kwa nusu ya mazao enzi za Mtume. Hapa Shafii wanabana tena, kwani muzaraa, yaani kulima kwa mgao wa mazao, peke yake hawaikubali kwa kauli mashuhuri, ingawa baadhi ya wakubwa wa madhehebu waliiruhusu na kazi inafanyika kwa kauli hiyo. Kuuza kama kikundi cha watu ishirini nako kunasaidia dhidi ya kwelea kwelea au mafuriko ya upande mmoja wa bonde. Mvua ikikosa bonde zima, kikundi kimekosa pamoja.

Upande wa sheria za nchi ni mfupi lakini hausamehe. Kahawa na korosho Tanzania Bara zinapita kwenye vyama vya msingi vya ushirika, na karafuu Zanzibar hununuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali, kwa hiyo salam ya mazao hayo na mtu binafsi inaweza kuwa halali kwa ustadhi na haramu kwa mkuu wa wilaya. Stakabadhi ghalani, iliyo na sheria yake tangu 2005, inamsaidia mwenye mazao tayari, haimsaidii mwenye shamba lisilolimwa. Kesi ya mkataba kama huu haiendi kwa kadhi, maana hata Zanzibar kadhi anashughulika na ndoa, talaka na mirathi. Itakwenda mahakama ya kawaida, ambako neno salam halina uzito. Andikeni "mauziano ya mpunga, malipo yametangulia," muweke kiasi, tarehe, saini na mashahidi, na rehani au mdhamini kama mnataka, kwani vyote viwili fiqhi inavikubali.

Kuna kitu kimoja ambacho kingeweza kuubeba ukame ule na hakitajwi kwenye semina za benki. Zaka ya mazao hutolewa siku ya kuvuna, kuanzia kiasi cha kilo 653 hivi kwa hesabu ya wengi, kwa asilimia 10 kwa shamba la mvua na 5 kwa linalomwagiliwa kwa gharama. Hutolewa juu ya mavuno yote, pamoja na zile kilo zilizokwisha kuuzwa kwa salam, na miongoni mwa wanaostahiki kuipokea ni mwenye deni asiyeweza kulilipa. Mkulima wetu amepungukiwa kilo 600. Wakulima wanne wanaomwagilia kwa pampu, kila mmoja akiwa amevuna tani tatu, zaka yao ni kilo 150 kwa kila mtu, jumla kilo 600. Kinachotakiwa ni kamati ya zaka yenye mizani, inayofika uwanjani mpunga unapopigwa. Vijiji vingi zaka inayojulikana ni ile pishi ya mwisho wa Ramadhani.