Simu ya abiria ilisoma 96, mshale wa dereva ukasoma 80

Nilikuwa kwenye basi la kwenda Iringa, kiti cha pili kutoka mbele, upande wa dirishani. Tulipoiacha Chalinze dereva akaanza kukanyaga mafuta. Nikawasha simu nione mwendo: 88, 93, kisha 96. Namba ikatulia hapo kwa zaidi ya dakika nzima, barabara imenyooka na anga nyeupe. Sheria yetu inasema basi lisizidi 80.

Nikamwita konda, nikamwonyesha. Akaenda mbele, akarudi na jibu: "Mama, dereva anasema mshale uko kwenye 80. Simu haiwezi kujua mwendo kuliko gari lenyewe." Watu wawili watatu wakaitikia kwamba ni kweli. Mzee aliyekaa nyuma yangu akaniomba nimwache dereva afanye kazi yake.

Nimeandika haya kwa sababu ya sentensi ile ya konda. Wengi wetu tunaiamini, na si kweli. Gari halijui mwendo wake. Linajua gurudumu limezunguka mara ngapi, basi. Kiwandani waliliambia kila mzunguko ni mita kadhaa, nalo linapiga hesabu kwa kukariri. Tairi ikiisha kashata, mduara unapungua na mshale unasoma zaidi ya ukweli. Ukifunga tairi kubwa kuliko ya awali, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi na mshale hauna habari.

Na sisi tunabadilisha tairi sana. Chukua gari dogo lililokuja na tairi za saizi 175/65R14. Mwenyewe anachoka kugonga tumbo kwenye barabara ya mtaani kwake, anafunga 185/70R14 ili linyanyuke. Kipenyo kimetoka milimita 583 hadi 615 hivi, yaani zaidi ya asilimia 5. Kuanzia siku hiyo mshale unapunguza asilimia 5 ya mwendo, na hata kilomita za kubadilishia oili zinahesabiwa pungufu.

Simu inapima kwa njia nyingine kabisa. Gari la wagonjwa likija na king'ora, sauti ni nyembamba. Likishakupita inakuwa nzito. Mawimbi ya setilaiti za GPS, zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, yanabadilika vivyo hivyo kadiri unavyosogea, na kipokezi cha simu kinasoma badiliko hilo. Ndiyo maana simu inaweza kukosea mahali ulipo kwa karibu mita 5 na bado ikapata mwendo wako kwa tofauti isiyofika kilomita 1 kwa saa, alimradi inaona anga na gari halibadilishi mwendo ghafla. Haiulizi tairi ni ya saizi gani.

Ina udhaifu wake, na abiria anayetaka kusikilizwa aujue. Namba huja kwa kuchelewa kidogo, kwa hiyo dereva akifunga breki utaona mwendo wa sekunde iliyopita. Katikati ya basi, chini ya bati na mbali na dirisha, inaweza kurukaruka. Kwenye kona za Kitonga, mlima ukiwa umekuziba upande mmoja, usiiamini sana. Watu husema mteremko wenyewe unaiharibu kwa kuwa simu husoma mwendo wa bapa, yaani bila kuhesabu kupanda wala kushuka, lakini hata kwenye mteremko wa asilimia 10 kosa hilo ni nusu asilimia tu. Isogeze dirishani, subiri namba itulie, iangalie nusu dakika. Namba iliyowaka mara moja na kupotea si ushahidi.

Turudi kwenye mshale. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi wa magari, inasema mshale usisome kamwe chini ya mwendo halisi. Unaruhusiwa kuzidisha tu: asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Gari likienda 80 kweli, mshale unaweza kusoma popote kati ya 80 na 92. Wametaka tukikosea, tukosee upande wa usalama. Kwenye basi lisilo na hitilafu, lililoundwa kwa kanuni hiyo na lenye tairi zake za asili, simu ndiyo inayopaswa kusoma chini. Simu ikisoma 96 na mshale 80, ama tairi si zake, ama kipimo kimeharibika, ama dereva hakusema alichokiona. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomruhusu kuendelea na safari kama kawaida.

(Wenye magari ya Japani ya zamani mjue hili pia. Katika ukaguzi wa magari kule, gari lililotengenezwa kabla ya 2007 linapita hata kama mshale unasoma 40 na mwendo wa kweli ni 44.4. Kwa ya kuanzia 2007 mwisho ni 42.55. Kwa hiyo msemo wa mafundi kwamba mshale siku zote unazidisha, "ongeza kidogo haina shida", usiutumie kwenye kibao cha 50.)

Mtu asiyetaka kuamini simu anaweza kutumia saa ya mkononi. Ukipata nguzo mbili zilizoachana kilomita 5, kwa 80 zinachukua dakika 3 na sekunde 45. Kwa 96 ni dakika 3 na sekunde 7.

Kinachonikera zaidi ni kwamba LATRA wenyewe, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, wanafuatilia mabasi kwa mfumo wa VTS, na mfumo huo unapata mwendo kutoka setilaiti, kama simu yangu. Serikali inaziamini setilaiti inapomchunguza dereva. Kwa nini abiria akishika kipimo hicho hicho aonekane msumbufu? Kutoka 80 hadi 96 nguvu ya mgongano inaongezeka kwa asilimia 44, na kinachookolewa katika kila kilomita 100 ni dakika 12 na nusu. Dakika hizo tulizimaliza Ruaha Mbuyuni, tukiwasubiri watu wanunue vitunguu.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, jambo hili limenikaa moyoni zaidi. Usiku abiria haoni nguzo wala miti ikipita. Anasikia injini tu, kisha analala.

Ninaloomba ni dogo. Mabasi mengi yana saa ya taa nyekundu pale mbele, juu ya kioo, ambayo kila abiria anaiona hata akiwa kiti cha mwisho. Namba ya mwendo inayotoka kwenye VTS iwekwe pale, kando ya saa. Yule mzee wa nyuma yangu angeisoma mwenyewe, na konda asingelazimika kwenda mbele kuuliza.