Kivimbe kisichotafutwa: kipigwe picha tena?

Mtu amepigwa skani ya CT kwa sababu ya jiwe la figo. Jiwe limeonekana, matibabu yameanza, lakini mwishoni mwa ripoti kuna mstari aliousoma mwenyewe: "Kivimbe cha sentimita 2 kwenye tezi adrenali ya kushoto. Picha irudiwe baada ya miezi 6." Tezi hiyo ni ndogo, hukaa juu ya figo na hutoa homoni. Jiwe linasahaulika papo hapo. Kuanzia siku hiyo analala na kivimbe.

Si peke yake. Takriban watu wazima 5 katika kila 100 wanaopigwa CT ya tumbo hukutwa na kitu cha namna hiyo, na idadi huongezeka kadiri umri unavyosogea. Saratani yenyewe ya gamba, yaani tabaka la nje, la tezi hii huwapata mtu 1 au 2 katika kila watu milioni kwa mwaka. Mabishano yote yanazaliwa hapo katikati: vivimbe ni tele, saratani ni adimu, na anayesoma picha hataki awe yeye aliyepitwa nayo.

Wanaotaka picha irudiwe wana methali mkononi: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2009 uliwaunga mkono: picha baada ya miezi 3 hadi 6, kisha kila mwaka kwa mwaka mmoja au miwili, na homoni zipimwe kila mwaka kwa miaka 5. Ulaya, mwaka 2016 na tena 2023, walisema tofauti: kivimbe kikiwa na rangi moja kote na msongamano wake kwenye CT usizidi uniti 10 za Hounsfield, hakihitaji picha nyingine (mwaka 2016 kwa sharti pia kiwe chini ya sentimita 4). Wengi waliposikia hivyo walidhani mgonjwa ametelekezwa. Mimi naona hawakuelezwa vizuri 10 hiyo imetoka wapi.

Katika mizani ya Hounsfield maji ni 0, hewa ni kasoro 1,000, na mafuta ni karibu kasoro 100. Adenoma, uvimbe usio wa saratani ambao ndio wa kawaida hapa, mara nyingi huwa na akiba ya mafuta ndani ya seli zake, kwa kuwa kolesteroli ndiyo malighafi ya kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi hii. Mafuta hayo huishusha namba. Saratani haina akiba hiyo, na feokromositoma, uvimbe unaomwaga adrenalini na jamii yake, karibu kila mara huwa juu ya 10. Kwa hiyo daktari anapochora kiduara juu ya kivimbe, akiepuka ukingo ili mafuta ya pembeni yasimdanganye, kisha kompyuta ikamwandikia 4, ameshajua kilichomo ndani. Hilo ni jibu. Kulirudia swali baada ya miezi 6 hakuliboreshi.

Sasa tutazame kinachopatikana kwa kufuatilia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikusanya wagonjwa zaidi ya 4,000 wenye vivimbe visivyotoa homoni au vinavyotoa kotisoli kidogo. Kwa zaidi ya miaka 4, ukuaji wa wastani ulikuwa milimita 2. Milimita 2! Madaktari wawili wakipima kivimbe kilekile asubuhi moja wanaweza kutofautiana kiasi hicho, na mgonjwa akivuta pumzi tofauti kidogo mkato wa picha unahama. Ripoti ikiandika "kimeongezeka kidogo", skani ya tatu imeshazaliwa. Na vilivyogeuka saratani? Hakuna hata kimoja. Najua sifuri ina hila zake: wanatakwimu husema usipoona tukio kwa watu 2,000, bado huenda linawapata hadi 3 katika kila 2,000. Haya, tujifanye waliofuatiliwa barabara walikuwa nusu tu, yaani kama 2,000, na tuchukue hiyo 3: ni kama mtu 1 kati ya 670. Ukadiriaji wa mwaka 2009 ulisema mionzi ya CT zilizopendekezwa wakati ule, milisiveti 23 kwa wastani, ingeleta saratani ya kuua kwa mtu 1 kati ya 430 hadi 2,170. Ni ukadiriaji wa hesabu, na kwa mzee wa miaka 80 mionzi haina uzito uleule. Hata hivyo, hatari mbili hizo zinatazamana ana kwa ana, na moja tunaileta wenyewe.

Upande wa pili haujatunga hofu yake hewani. Adenoma kama 3 katika kila 10 zina mafuta kidogo, hivyo huvuka 10 na kufanana na vitu vibaya. Utafiti mmoja mkubwa wa mwaka 2020 ulikuta saratani ya gamba kwa watu 98 kati ya 2,017, ingawa hao walishachujwa na kupelekwa kwenye vituo vya mabingwa. Kivimbe chenye uniti 25, kilichofika sentimita 4, au cha mtu aliyewahi kuugua saratani kwingineko, sithubutu kusema kiachwe. Na namba iliyopimwa baada ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha haitumiki kabisa kwenye kizingiti hicho cha 10; kosa hili ni la kawaida mno.

Kinachonikera ni kwamba mgonjwa hupigwa picha mara tatu, na hakuna aliyempa kidonge cha miligramu 1 ya deksamethasoni, dawa ambayo kwa kawaida huishusha kotisoli, usiku ili kotisoli ipimwe asubuhi. Picha haioni homoni. Kivimbe kisichokua hata chembe kinaweza kuwa ndicho kinachopandisha shinikizo na sukari mwaka baada ya mwaka. Na kivimbe kilichovuka 10 kikichomwa sindano ya kuchukua nyama kabla metanefrini, mabaki ya adrenalini na jamii yake, hazijapimwa, kama ni feokromositoma shinikizo linaweza kulipuka mezani.

Ripoti ambayo ningependa yule mwenye jiwe la figo aisome ina mistari mitatu. Kivimbe rangi moja, uniti 4, bila dawa ya kung'arisha. Kisipigwe picha tena. Kotisoli ipimwe, na kama ana shinikizo la damu, aldosteroni, homoni nyingine ya tezi hii inayoweza kupandisha shinikizo, pia.