Aliyeificha hii gata ndani ya paa nikimpata

Kuna mtu, zamani huko kabla sijazaliwa, alikaa na penseli yake akawaza, hivi hizi gata za kuning'inia za kukinga maji ya mvua si zinaharibu sura ya nyumba, ngoja niifukie humuhumu ndani ya paa, nitengeneze sanduku la mbao nilivalishe bati, watu wakipita wasione kitu. Na kweli hawaoni. Hata mi niliponunua nyumba sikuiona, miezi miwili najisifu paa langu safi halina makorokoro, mvua ya kwanza kunyesha ndo nikajua gata ninayo, tena iko usawa wa kitanda changu.

Tofauti yake na gata za wenzenu ni hii. Ile ya kuning'inia ikiziba maji yanamwagika nje, yatalowesha maua, yatamlowesha mgeni mlangoni, yameisha. Hii ya sanduku ikiziba, upande wa nje kuna ukingo umekaza, kwa hiyo maji yanageuka yanarudi ndani, yanapenya chini ya vigae, na yakishaingia usidhani yatadondoka hapohapo, thubutu, yanashika mbao ya kenchi yanatembea nayo mita mbili tatu taratibu kama mtu anayekwepa deni, yanakuja kudondokea sebuleni kwenye kochi la wageni wakati tundu lenyewe liko huko usawa wa choo. Miaka minne naziba juu ya sebule. Minne!

Naziba na nini? Lami. Usinicheke, na wewe ungepaka lami. Ikivuja napanda na kopo, nabandika donge, nashuka najiona injinia, mvua ijayo inavuja pembeni ya donge, napanda tena. Palipozidi nikapiga msumari. Kuna mahali nilibandika kipande cha shaba nilichokuwa nimekitunza stoo, nikasema shaba haiozi hii, hapa nimemaliza. Yaani mpaka mama watoto akawa anaijua ratiba, akisikia ngurumo anatoa beseni, sufuria na ile ndoo ya bluu anazipanga mwenyewe bila kuangalia juu, na kila chombo kina mlio wake, ndoo ikishajaa kidogo inabadilisha sauti unajua saa nane hii. Na katika siku hizohizo za kupanda na kushuka ndo mbwa wa jirani akaniibia ndara, ya kushoto. Niliziacha chini ya ngazi, nakumbuka kabisa niliziacha chini ya ngazi. Nilimwendea jirani nikasema maneno, hatujasalimiana vizuri tangu hapo.

Basi siku dari likabonyea kama tumbo la mtu aliyeshiba nikaona sasa yaishe, nikaita fundi.

Fundi mwenyewe mzee hivi, haongei. Kapanda, kaguna. Mi niko kwenye ngazi nyuma yake nachungulia. Akatoa bisibisi, akaiweka kwenye ubao wa chini ya gata, akaisukuma kwa kidole kimoja, KIDOLE KIMOJA, ikazama mpaka mpini. Akaichomoa, ncha imetoka na unga mweusi umelowa, akaninusisha. Hakusema kitu. Akakwangua lami kidogo, akanigeukia.

"Nani kapaka hii?"

Nikajibu bila kufikiri, "Mwenye nyumba wa zamani."

Akatikisa kichwa. Akaanza kumsema huyo mwenye nyumba wa zamani, na mi naitikia, kweli fundi, watu wengine hawana akili. Eti lami inapasuka jua likiwaka, halafu maji yanaingia kwenye ufa yanakaa chini yake hayakauki, bati linaoza huku juu unaona pamezibwa. Tena bati likishapakwa lami lihamu, ile ya kuyeyushwa kuungia bati, haishiki, hata ulisugue vipi, ni kulitupa tu. Akafika kwenye kile kipande cha shaba akacheka peke yake. Kumbe shaba na bati la zinki havikai pamoja, maji yakipita katikati yao zinki inaliwa, na kweli kuzunguka kile kipande kulikuwa na vitundu kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Na misumari je? Bati linataka kutembea fundi anasema, usiku linajikunja mchana linajinyoosha, gata yangu ina mita 9, joto la bati likipanda nyuzi 40 inarefuka milimita kama 4 hivi, ukiligongelea misumari linakosa pa kwenda, linachanika kwenye maungio. "Huyu mtu alikuwa anaipenda nyumba kweli?" akauliza. Nikasema sidhani.

Sasa kazi yenyewe, we acha. Nilidhani ni ya asubuhi moja. Kwanza vigae vya pembeni vikatolewa, lami na bati vikang'olewa vyote, ubao wa sakafu ya gata ukatoka kwa kuchotwa na sepetu, vichwa vya kenchi viwili vimeoza, ikabidi vikatwe viungwe mbao mpya ubavuni. Ndo tukaona kwa nini maji yalikuwa yanatuama katikati, gata imelala, na inatakiwa ishuke angalau milimita 5 kila mita mpaka kwenye tundu la bomba. Halafu bati jipya, kipande kwa kipande, limepindwa liingie chini ya vigae juu zaidi ya pale maji yanaweza kufika, linashikwa na vibano vya bati sio msumari kupita katikati, maungio yanapigwa ribiti kwanza ndo yanatiwa lihamu. Mi nikaleta tyubu ya silikoni kusaidia. Fundi akaipokea kwa heshima zote akaiweka mfukoni sijaiona tena.

Mwisho akasema tunajaribu. Akaziba tundu la bomba kwa tambara, akaniambia jaza maji. Nikapeleka mpira, upana sentimita 30, kina 15, mita 9, piga hesabu mwenyewe, inakuja lita 400 na ushee, yaani kilo 400 za maji zimekaa juu ya kichwa changu kwa hiari yangu. Tukalala hivyo. Mimi sikulala, nimekodoa macho darini mpaka alfajiri, mama watoto beseni anayo mkononi. Hata tone! Asubuhi nilitaka kumkumbatia yule mzee.

Akachomoa tambara. Maji hayaendi.

Akangoja. Yanashuka kidogo kidogo kama yanashauriana. Akasema basi hata ungeweka gata ya dhahabu, bomba lako limeziba, na bomba lenyewe nalo limefichwa ndani ya ukuta, unaona mambo ya yule wa penseli. Akashuka chini, akafungua kiwiko, akaingiza waya mrefu, anavuta anasukuma, tumesimama wote, mama watoto, watoto, na jirani naye kasogea kwenye uzio maana kelele za siku hizo hazikumwacha. Waya ukashika kitu. Akavuta, kwanza majani yaliyooza, kiota cha ndege, kisha kitu kimekunjika kama samaki, kikafuatiwa na maji yote ya juu, tukalowa mpaka magoti.

Fundi akakiokota, akakisuuza, akakikunjua. Ndara. Ya kushoto. Chini ya soli kuna donge la lami, na upande wa juu alama ya kidole gumba cha mguu unaiona kabisa.

Akaiangalia, akaangalia miguu yangu, akaniuliza kwa sauti ya upole sana, "Huyo mwenye nyumba wa zamani alikuwa anavaa namba ngapi?"

Nikatafuta pa kuangalia. Upande huu mama watoto kashika kiuno, upande ule jirani, na mbwa wake kaketi pembeni yake kanyoosha masikio, ananitazama mimi tu.