Kitambulisho Vipande Viwili

Jamani, chapati inaweza kumtoa mtu katika Uzanzibari wake? Mimi imenitoa. Jana asubuhi mama watoto anatafuta cha kukwangulia unga ulioganda ubaoni, kisu hakionekani, akanyoosha mkono juu ya kabati akachukua kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi. Kakwangua mara mbili tu, pwa! Kipande hiki picha, kipande hiki jina.

"Si plastiki tu," ananambia.

Plastiki tu! Bila plastiki hiyo utajiandikisha wapi kupiga kura? Na sisi wa huku kura zetu si za mchezo, tunapiga tano: Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi, diwani. Tume mbili za uchaguzi zinanisubiri mimi mmoja. Mtu anayesubiriwa na tume mbili hakwanguliwi unga.

Nikavaa kanzu na kofia, huyo kwa sheha, mkuu wa shehia yetu, kuomba barua ya kupatia kitambulisho kipya. Sheha wetu namjua tangu hajaota ndevu. Biriani la harusi yangu kala, na jengine kafungiwa kwenye bakuli apeleke kwake, bakuli mpaka leo halijarudi. Nikamkuta barazani na daftari lake, wazee watatu wa kahawa pembeni. Nikamsalimia. Kaitika kwa sauti ya kiserikali.

"Shida yako?"

Nikamtolea vipande. Akaviinua juani kimoja kimoja, kama daktari anayetazama picha ya mbavu.

"Hiki kina sura, hakina jina. Hiki kina jina, hakina sura. Barua nimwandikie nani?"

"Mimi, Sheha. Viunganishe tu."

"Kuunganisha si kazi ya sheha. Kuunganisha kuna wenyewe."

Nikatoa kile cha taifa, kizima, sura na jina pamoja. Akakisukuma kwa ncha ya kidole.

"Hicho cha Muungano. Mambo ya Muungano ni 22, ukaazi wako haumo."

"Yalianza 11!" akadakia mzee mmoja, na hapo nikajua nimekwisha. Wa pili akauliza, kwani Zanzibar ni nchi? Wa tatu akatua kikombe: Pinda, Waziri Mkuu wa wakati ule, alisema bungeni mwaka 2008 kuwa si nchi, sisi 2010 tukaandika kwenye Katiba yetu kuwa ni nchi, habari imekwisha. Haikwisha. "Ni nchi kwa ndani, kwa nje si nchi." "Ala! Kwani koti?" Dakika arubaini! Na kikombe cha yule mzee kimetuliwa wapi? Juu ya uso wangu, kile kipande cha picha.

Nikakohoa kwa adabu. "Sheha, barua yangu."

"Lete mashahidi wawili wanaokujua."

"Wewe si unanijua?"

"Nakujua kama jirani. Kama sheha sikujui."

"Na bakuli langu?"

"Hilo kamuulize jirani."

Sasa hebu nihesabieni. Kisiwa chenyewe ukipanda daladala mjini ukasinzia, unaamkia Nungwi dereva anageuza gari, mbele bahari. Nina marais wawili. Makamu wa Rais ninao watatu, mmoja wa Muungano na wawili wetu wenyewe tangu ile kura ya maoni ya 2010, wa Kwanza na wa Pili, na huyo wa Pili ndiye msimamizi wa shughuli za Serikali katika Baraza la Wawakilishi, kwa hiyo usimdharau kwa namba. Waziri Mkuu yupo. Mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, wote wapo. Mbunge akiwa Dodoma, mwakilishi yuko Chukwani. Watu wote hao juu ya kichwa changu, wallahi, na hakuna hata mmoja mwenye gundi!

Shahidi nimeshampata mmoja, muuza mkaa wa pale njiapanda. Yuko tayari kuapa kwamba ananijua, ila kwanza nimlipe deni la mfungo mosi. Nimlipe kwa mkaa upi? Gunia lake ukilitia mkono, juu bonge, chini vumbi tupu, na katikati mawe. Juzi jiwe limepasuka jikoni kama baruti, paka hajaonekana tena. Paka mwenyewe wa jirani. Namaanisha wa sheha.