Uzio ukae zizini, malisho yaachwe wazi

Simba anayevizia boma usiku mara nyingi hana haja ya kuruka uzio. Ng'ombe wakishamnusa wanataharuki, wanasukumana, wanaubomoa uzio wao wenyewe kutoka ndani. Wakitawanyika gizani, anachagua. Fisi yeye huchimba chini ya miiba, na chui hupita juu akaondoka na mbuzi.

Uzio wa matawi ya migunga umewalinda wafugaji wa Kimaasai vizazi na vizazi, nami siudharau hata kidogo. Lakini matawi hukauka, mchwa huyala, na kila baada ya miezi michache lazima yakatwe mengine. Huko Simanjiro, mkoani Manyara, familia nyingi sasa zina kitu bora zaidi: ukuta hai. Shirika la Tanzania People & Wildlife, lenye kituo chake kijiji cha Loibor Siret, limeujenga pamoja na wafugaji wenyewe. Nguzo zake ni matawi mabichi ya miti ya komifora, jamii moja na mti wa manemane. Unayakata, unayachomeka ardhini kuzunguka zizi, yanatoa mizizi na kuchipua. Kwenye nguzo hizo unafungwa wavu wa waya. Waya unazuia tangu usiku wa kwanza; miti inanenepa, inarefuka na kufunga majani juu, hadi chui hana pa kurukia na ng'ombe hawaoni kilichoko nje. Nguzo iliyo hai haiozi kama nguzo iliyokufa. Familia inachangia sehemu ya gharama, na kwa maoni yangu hilo ni jambo jema, kwa sababu mtu hutunza alichokitolea jasho.

Nawasikia wanaosema tumalize kabisa: tuzungushie malisho yote, au hifadhi yenyewe. Hapo sikubaliani nao. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia wa Tarangire hutoka hifadhini na kwenda kuzaa kwenye nyanda za Simanjiro, ambako nyasi zina madini wanayoyahitaji majike wanaonyonyesha. Wakifungiwa ndani, tutawapoteza. Tazameni uwanda wa Athi na Kaputiei, kusini mwa Nairobi: ardhi ilikatwa vipande, kila kipande kikapigwa waya, na uhamaji wa nyumbu waliokuwa wakienda na kurudi kwa maelfu umekaribia kwisha. Waya huohuo unamfunga na mfugaji. Mwaka wa ukame ng'ombe wanahitaji kwenda kule mvua iliponyesha, na mvua haifuati mipaka ya viwanja.

Mchana, uzio wa malishoni ni mchungaji mwenyewe, mtu mzima anayejua nyayo. Tukimwachia mtoto kundi zima ili baba aende mnadani, tusishangae ndama wakipungua.

Najua uchungu wa mtu aliyeamka akakuta ng'ombe watatu wamelala na koo zimeraruliwa. Kifuta jasho cha serikali, yaani malipo anayopewa aliyeuliwa mifugo na wanyamapori, kama jina lake linavyosema, si fidia, na hakiwezi kumrudishia mifugo yake. Ndiyo maana wengine hupaka sumu kwenye mzoga. Sumu hiyo haiui simba tu; inaua fisi, mbweha, na tai wanaotusafishia mbuga. Kwa hiyo fedha za utalii zinazobaki wilayani zinunue waya kwanza, kabla ya jengo lingine la ofisi. Zizi moja likiwa salama, kuna simba ambaye hatawindwa kwa kisasi.

Na anayejenga asisahau lango. Nimeona mazizi yenye ukuta mzuri kabisa, halafu mlangoni kumesukumiwa tawi la miiba kama zamani. Upande wa Amboseli, nchini Kenya, wanatumia mapipa ya mafuta yaliyopondwa yakawa bapa, wanayapigilia kwenye fremu na kuyafunga kwa komeo. Pia ukingo wa chini wa waya ufukiwe au ukandamizwe kwa mawe mazito, maana fisi ataanzia hapo.