Mtu akiumia kazini twafungua group ya mchango, sheria ya fidia (WIBA) je?

Wiki iliyopita nimeingizwa kwenye group nyingine ya WhatsApp bila kuulizwa. Mwenzetu wa godauni la jirani alibanwa kidole cha shahada na paleti, kipande cha juu kikaenda chote, na kabla hata hajatoka hospitali namba ya M-Pesa ishatumwa na watu washaanza "pole sana ndugu, ni mipango ya Mungu". Bosi wake akatoa elfu tano. Listi ya waliochanga ilivopangwa jina lake likawekwa juu kabisa na alama ya moyo, watu wakamwombea dua, ati laiti mabosi wote wangekuwa kama huyu.

Sasa nieleweke, mimi sina ubaya na mchango. Pwani tumelelewa hivo, harusi twachanga, matanga twachanga, mtoto akiitwa fomu wani twachanga. Lakini kidole kilichokatika kazini si harusi jamani. Ile elfu tano tunayomshukuru nayo bosi si sadaka, ni deni, tena hata robo ya deni haijafika.

Niko kwenye magodauni ya Shimanzi, Mombasa, mwaka wa saba huu, kazi yangu ni kuhesabu mzigo unaoingia na unaotoka, kwa hivo sibebi ila nakaa na wanaobeba kutwa nzima. Mwezi wa pili na wa tatu, kaskazi imelegea na mvua bado, ile bati ya juu yawaka mpaka ukiingia kutoka jua la nje waona bora urudi juani. Mtu ana gunia la kilo 50 begani, anapanda ubao hadi kwenye steki, anashuka, anapanda tena, na maji ya kunywa ni mtungi mmoja na kikombe kimoja kimefungwa kamba kama kwamba kuna mtu atakiiba. Watu karibu arobaini. Alafu saa nane mtu kizunguzungu kimemshika, mguu umeteleza, twasema "alikuwa hajala vizuri".

Reflekta na helmeti zipo, msidhani hazipo, zinakaa stoo. Siku tukiambiwa kuna wageni zagawanywa asubuhi, picha zapigwa, jioni zarudishwa. Glavu ukitaka wakatwa kwenye hela yako. Na sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yasema wazi vifaa vya kujikinga ni mwajiri atoe, maji ya kunywa atoe, na mahali penye wafanyakazi 20 kwenda juu pawe na kamati ya usalama. Kamati yetu imebandikwa ukutani, majina sita, mmoja alishaacha kazi anauza viazi karai Kongowea.

Lakini ninachotaka kusema hasa ni hii WIBA, manake nimegundua hata watu waliosoma hawaijui. Ni sheria ya fidia ya kuumia kazini, nayo ya 2007 pia. Mwajiri anatakiwa awakatie bima wafanyakazi wake. Ukiumia, gharama ya matibabu ni yake. Ana siku 7 za kuripoti ajali kwa serikali, kule DOSH, idara ya usalama na afya kazini. Siku unazokaa nyumbani hujiwezi, zikifika tatu au zaidi, unalipwa mshahara wako, hadi miezi 12. Na ukibaki na ulemavu wa kudumu kuna jedwali la viungo, kila kiungo na asilimia yake, na ulemavu kamili ni mshahara wa miezi 96.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kibarua wa 800 kwa siku, siku 26, ni 20,800 kwa mwezi. Mara 96 ni 1,996,800. Sasa tuseme daktari kaandika asilimia 5 tu, natoa mfano, hiyo ni 99,840. Hapo matibabu hujayagusa, siku za kukaa nyumbani hujazigusa. Alafu rudi kwenye group uangalie ile elfu tano yenye moyo.

Nikiwaambia hivi watu kijiweni naambiwa "we nawe, hao ni vibarua, hawana haki hizo". Nani kasema? Sheria inaangalia kama umeajiriwa kwa ujira na umeumia ukiwa kazini, haikusema lazima uwe permanenti. Shida si sheria, shida ni geti. Kila asubuhi saa kumi na mbili nyapara asimama getini achagua, wewe njoo, wewe njoo, wewe kesho. Ukishajulikana kuwa ndo yule alokwenda DOSH, utakuwa wa kesho mpaka uchoke. Hilo silibishi, na ndo maana simlaumu mtu anayenyamaza na kidole chake. Ila sisi tulio na kazi za kalamu twanyamaza kwa nini? Na ukinyamaza sana nayo inakula kwako, ajali isiporipotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12 haki yenyewe yaanguka.

Na hii ya "mipango ya Mungu" pia tuiangalie. Hapo mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa chatema madini ya risasi (lead) kwenye hewa na maji, watoto waugua. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa mumo humo kiwandani, mwanawe akapatikana na sumu ya risasi mwilini, na yeye hakuishia kupokea pole, akauliza imetoka wapi. Kiwanda kikafungwa 2014, na 2020 mahakama ya hapa hapa Mombasa ikaamuru wakaazi walipwe bilioni 1.3, kesi ikaendelea kupanda juu miaka na miaka baada ya hapo. Na hiyo ni sumu usiyoiona. Paleti tuliiona sote.

Basi kwenye group nikaandika, kwa adabu kabisa, "Jamani ajali imeripotiwa DOSH? Bima ya WIBA inasemaje?" Tiki za buluu zikajaa. Dakika kumi kimya. Alafu admini akabadilisha, maadmini tu ndo wanaoandika.

Usiku yule aliyeumia mwenyewe akanipigia. Sauti ya chini, akaniuliza, "Kaka, hiyo afisi iko wapi?" Nikamwelekeza, nikamwambia aweke karatasi zote za hospitali na apige picha kila kitu. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama bosi atajua. Nikamwambia atajua, hiyo ripoti yeye ndo wa kuitoa.

Mpaka jana mchango ulikuwa 14,500. Na mimi mia mbili yangu imo.